Kidokezo Kinachoanzia Machoni

Kabla sijasema lolote, tucheze kwanza. Nitakupa vidokezo vitano vya kipindi kimoja cha runinga. Ukikipata kwa kidokezo cha kwanza, jihesabie alama tano. Ukikipata kwa cha pili, nne. Ukingoja hadi cha mwisho, unaondoka na alama moja tu. Ukijua jibu mapema usimwambie uliyekaa naye, mwache naye ahangaike.

Cha kwanza. Mhusika mkuu ana nguo za aina mbili, na amani ya nyumba yake inategemea asionekane amevaa zile zisizotakiwa.

Cha pili. Ipo kazi anayoifanya, na ipo kazi ambayo mkewe anaamini anaifanya. Hizo kazi ni mbili tofauti.

Cha tatu. Mke huyo anaitwa Wilbroda.

Cha nne. Mmoja wa vijana waliopata umaarufu kupitia kipindi hiki alichaguliwa mwaka 2022 kuwa mbunge wa Lang'ata, jijini Nairobi.

Cha tano. Mwigizaji mkuu, Charles Bukeko, alifariki Julai 2020 wakati wa janga la korona, na Wakenya wengi walimlilia kwa jina la mhusika wake kabla ya kulikumbuka jina lake mwenyewe.

Naam. Ni Papa Shirandula, kilichoanza kuonyeshwa na Citizen TV ya Kenya mwaka 2007. Zile nguo za aina mbili ni sare ya mlinzi wa getini na suti ya mtu wa ofisini. Kama ulikipata kwa kidokezo cha kwanza, hongera sana, kwa maana ulikuwa unakitazama kwa makini. Kama ulikipata kwa cha nne, huenda wewe ni mfuatiliaji wa siasa zaidi kuliko wa michezo ya kuigiza. Na kama hata cha tano hakikukusaidia, usione haya. Tutafika kwako pia.

Mchezo huu wa kukisia vipindi vya runinga umeenea. Unachezwa kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, kwenye sherehe za ofisi mwisho wa mwaka, na wanafunzi wa bweni wanaucheza taa zikishazimwa. Wengi wanauona ni wa kupitisha muda tu. Mimi leo nataka kuutetea. Nasema kwamba mchezo huu ukitungwa vizuri ni mojawapo ya njia chache tulizonazo za kutunza kazi za wasanii wetu wa runinga. Ukitungwa ovyo, unatuzoesha kukumbuka ya wengine na kuyasahau ya kwetu. Kwa hiyo naomba tuzungumzie utunzi wenyewe: kidokezo kizuri ni kipi, kinatoka wapi, na kinamfanyia nini anayekisia.

Vidokezo ni vya aina tatu. Kuna kidokezo cha karatasi, yaani mwaka, jina la kituo, idadi ya misimu, tuzo. Kuna kidokezo cha macho, yaani kile ambacho mtazamaji alikiona kwa muda wote aliokuwa amekaa pale: nguo, mlango, kiti, namna mtu anavyotembea. Na kuna kidokezo cha sikio, yaani sauti, lafudhi, wimbo wa kufungulia, neno ambalo mhusika hakosi kulisema.

Watunzi wengi wa maswali hukimbilia karatasi, kwa sababu karatasi inapatikana upesi. Mtu anafungua simu, anasoma kwamba kipindi fulani kilianza mwaka fulani, swali limekwisha. Lakini hebu fikiri. Ni nani aliyewahi kukaa mbele ya Vioja Mahakamani, kile kichekesho cha Kenya, akitazama tarehe? Tulitazama kizimba. Tulimtazama Makokha, au Ondiek Nyuka Kwota, akisimama mbele ya hakimu na kujitetea kwa hoja ambayo kila ikirefuka inamzamisha zaidi. Tulimtazama mwendesha mashtaka akivuta subira. Ningetunga kidokezo cha kipindi kile, ningesema hivi: "Wiki hii mtu anasimama kortini kwa kosa moja, na wiki ijayo anarudi kortini pale pale kwa kosa jingine, kana kwamba hukumu ya kwanza haikumgusa." Mtu aliyekitazama atacheka kabla hajajibu. Kile kicheko ni dalili kwamba kidokezo kimefika mahali pake. Tarehe haiwezi kumchekesha mtu.

Kidokezo cha sikio nacho kina utamu wake, hasa kwetu sisi tulio redioni. Chukua Vitimbi, kipindi kilichojenga jina la Mzee Ojwang na Mama Kayai kwa miaka mingi pale KBC, Kenya. Kidokezo chepesi kingekuwa kutaja majina hayo mawili, na mchezo ungeishia hapo. Kidokezo chenye kazi ndani yake ni hiki: "Mwigizaji huyu aliwachekesha watu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, lakini kwao hawakuwa Wajaluo." Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang mwenyewe, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Aliiigiza lafudhi ile kwa ustadi uliowafanya wengi waamini ndiyo ya kuzaliwa nayo. Mtu akilijua hilo kwa njia ya mchezo, anaanza kumheshimu kwa namna nyingine. Anaona kwamba kile alichokidhani ni maumbile kilikuwa ni kazi iliyosomewa kwa sikio, ikarudiwa, ikashikwa bila kuteleza miaka nenda miaka rudi. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alikuwa naye bega kwa bega katika kazi ile, na yeye pia anastahili swali lake mwenyewe, asiwe anatajwa kila mara kama mke wa mtu katika mchezo.

Sasa tuje kwenye mpangilio. Vidokezo vitano havipangwi kwa bahati. Cha kwanza kinapaswa kuwa cha kweli kabisa lakini kilichofichika, kiasi kwamba mtu mmoja tu kati ya kumi anaweza kukinasa. Cha mwisho kinapaswa kumwokoa karibu kila mtu. Hapo katikati ndipo ufundi ulipo: kila kidokezo kipunguze idadi ya majibu yanayowezekana, na kila kidokezo kimfanye anayekisia akirudie kile kilichotangulia na kukiona upya. Ukisikia jina la Wilbroda, mara zile nguo za aina mbili zinapata maana. Hiyo ndiyo raha ya mchezo. Wazee wetu waliijua raha hiyo katika vitendawili: aliyeshindwa alitoa mji, naye mtegaji akapokea mji kwa majivuno kabla ya kutegua. Hakuna aliyejiona amedhalilika, kwa sababu jibu likitolewa kila mtu alikiri kwamba lilikuwa wazi tangu mwanzo.

Na hapa nataka kusisitiza jambo moja, msikilizaji. Kidokezo lazima kiwe kweli, na mchezo lazima uwe wa haki. Huko Marekani, katika miaka ya hamsini, vipindi vya maswali vilikuwa vinatazamwa na mamilioni ya watu. Kimoja kiliitwa Twenty-One. Mshindani mmoja, Herb Stempel, alikuwa amepangiwa na watayarishaji ashindwe. Mwishoni mwa mwaka 1956 aliulizwa ni filamu gani iliyopata tuzo kuu ya Oscar kwa mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, filamu aliyoipenda sana. Alilijua jibu, lakini alitakiwa akosee, akakosea mbele ya nchi nzima. Mambo yalipofichuka, suala lilifika hadi kwenye Bunge la nchi hiyo mwaka 1959, na Charles Van Doren, yule aliyepangiwa kushinda, akakiri kwamba alikuwa akipewa majibu kabla. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Anayekisia anampa mtunzi imani yake. Anakubali kuonekana hajui mbele ya wenzake kwa sababu anaamini kwamba wote wamepewa nafasi sawa.

Lipo jambo zuri lililozaliwa baada ya aibu ile. Mtayarishaji Merv Griffin alikuwa akitafuta kipindi kipya cha maswali, lakini hakuna kituo kilichotaka kusikia habari hizo tena. Mkewe, Julann, akamshauri: kama tatizo ni watu kupewa majibu, basi wapeni majibu hadharani, wao watafute maswali. Kwa wazo hilo kikaanza Jeopardy! mwaka 1964, na mpaka leo washindani wa kipindi hicho wanapewa maelezo, nao wanajibu kwa kuuliza. Ukikitazama kwa makini unagundua kwamba kila maelezo ni kidokezo kilichotungwa kwa uangalifu, chenye neno moja au mawili yanayofungua mlango. Wanaotunga wanajua kuwa sentensi fupi inaweza kumfundisha hata aliyeshindwa kujibu.

Turudi nyumbani. Ukitaka kuucheza mchezo huu kwa Kiswahili, kuna jambo lazima ulijue kuhusu wasikilizaji wako. Sisi tunazungumza lugha moja, lakini hatukukua mbele ya runinga moja. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifungua televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya sabini, tena ya rangi, ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hadi mwaka 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa kwa nchi yenye mahitaji makubwa zaidi. Fikiri basi watu watatu waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja Nairobi, mmoja Unguja, mmoja Mwanza. Wa Nairobi alikua na Vitimbi. Wa Unguja alikuwa na televisheni ya rangi kabla ya majirani zake wote. Wa Mwanza alikua na redio, na ukimtajia Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania uso wake utang'aa namna ambavyo hakuna kipindi cha runinga cha miaka ile kingeweza kuung'arisha.

Mtunzi asiyelijua hilo atawaonea watu. Atauliza kuhusu runinga ya miaka ya themanini katika harusi ya Dar es Salaam, kisha ashangae ukumbi umenyamaza. Mtunzi anayelijua atatega pale ambapo kumbukumbu ya watu wake ipo kweli. Kwa Watanzania wengi wa Bara, kumbukumbu hiyo inaanzia miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati seti zilikuwa chache na sebule ya mwenye seti iligeuka ukumbi wa mtaa. Michezo ya kuigiza ya jioni ya ITV ndiyo iliyowakutanisha. Humo, katika kundi la Kaole, ndimo tulimowaona Ray, Johari na Steven Kanumba kabla hawajawa majina makubwa ya filamu. Ukiuliza, "Kundi hili la maigizo lilikuwa shule ya mastaa kabla ya filamu za Bongo kushika kasi," utaona watu wa umri fulani wanainuka kwenye viti vyao, na wadogo zao wanaulizana.

Sasa kidokezo kingine, tuone. Kipindi hiki kilitengenezwa mbali, katika nchi ambayo watu hula kwa vijiti. Mhusika mkuu ni mwanamke aliyeolewa, na shida yake ni kwamba mama wakwe anao wawili, kwa kuwa baba mkwe alioa tena. Kilipoonyeshwa na TBC mwaka 2011, wahusika wote walikuwa wanazungumza Kiswahili. Na mwaka 2013, rais wa nchi kilikotoka alikitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam.

Wengi mmeshakipata. Ni ile tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, na aliyeitaja ni Rais Xi Jinping. Nimekichagua kidokezo hiki kwa makusudi. Tazama kilivyopangwa: kinaanza na chakula, kinaingia nyumbani, kinafika kwenye lugha, kinaishia kwenye siasa za dunia. Na yule bibi wa Kariakoo ambaye hajui chochote cha siasa za dunia atakipata kwenye sehemu yake ya pili, kwa sababu habari ya mama mkwe haihitaji mkalimani. Kidokezo kizuri kina milango mingi, kila mtu aingie kwa ule ulio karibu naye.

Niseme na habari ya vidokezo vibovu, maana navyo vina somo. Ubovu wa kwanza ni kidokezo kinachofaa kila kitu. "Msichana maskini anapendana na kijana wa familia tajiri, na mama wa kijana hataki." Msikilizaji, hiyo ni nusu ya tamthilia zote tulizoletewa kutoka Mexico na Venezuela, pamoja na nyingi za kwetu. Kinahitaji kitu cha kukifunga kwenye kipindi kimoja tu. Ukiongeza kwamba ni ya Kenya, kwamba ilianza Citizen TV mwaka 2019, na kwamba msichana mwenyewe aliigizwa na Yasmin Said, hapo kweli tumefika kwa Maria.

Ubovu wa pili ni kidokezo chenye majibu mawili ya haki. Ukiuliza, "Joti, Masanja na Mpoki walitamba katika kipindi gani?" utakuwa umeanzisha ugomvi. Mmoja atasema Ze Comedy, kwa kuwa aliwajua EATV. Mwingine atasema Orijino Komedi, kwa kuwa aliwajua baada ya kuhamia televisheni ya taifa. Wote wako sahihi, na mwenye kuuliza ndiye mwenye kosa. Lakini angalia jinsi kosa hilo linavyoweza kugeuzwa kuwa swali zuri: "Vijana hawa walihama kituo kimoja kwenda kingine, sura ni zile zile, jina la kipindi likabadilika. Taja majina yote mawili." Sasa lile lililokuwa utata limekuwa ndiyo habari yenyewe, na anayejibu anakumbuka kipande kizima cha historia ya uchekeshaji wa Tanzania.

Ubovu wa tatu ni kidokezo kinachomsuta mtu. Kuna watunzi wanaotega ili waonekane wanajua. Wanachimba jambo ambalo hakuna mtazamaji angeweza kulijua, labda jina la kampuni iliyokodisha taa, kisha wanafurahia ukimya. Hao wamesahau kwamba mchezo ni wa watu wote waliokaa hapo. Kama hakuna aliyepata, aliyeshindwa ni mtunzi.

Baada ya kusema hayo, niwape vidokezo vya aina ninayoipenda kuliko zote, vile vinavyobeba safari ya kazi yenyewe. Sikiliza. "Mtindo wa picha zake ulizaliwa Dar es Salaam miaka ya sitini, kwa rangi za mafuta zilizopakwa juu ya vibao. Wanyama wake walichorwa wakatembea katika studio za Nairobi. Watoto wa Uingereza wakawatazama kwenye CBeebies. Na kila sehemu inajibu swali la kwa nini: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini mnyama huyu yuko hivi." Ni Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010. Kwa kidokezo hicho kimoja, mtoto anayekisia amekutana na Edward Said Tingatinga, mchoraji aliyefariki mwaka 1972 bila kujua kwamba chui na ndege wake wangekuja kutembea na kusema kwenye skrini. Amekutana pia na vijana wa Nairobi waliozitia picha hizo uhai. Hakuna mwalimu aliyesimama ubaoni, na somo limekwisha kuingia.

Au hiki. "Waigizaji wake wote walikuwa wanasesere, na viongozi wa nchi waliokuwa wakiigizwa walijitambua. Mwasisi wake ni mchora katuni aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kenya, na wazo lilitoka kwa kipindi cha Ufaransa." Ni The XYZ Show ya Gado, iliyoanza mwaka 2009. Mtu akikipata, amekumbuka kwamba kejeli ya kisiasa ilipata mwili, mikono na sauti kwenye runinga ya Afrika Mashariki, na kwamba iliwezekana.

Au hiki kifupi. "Alicheza humo kama Ayira, akiwa bado hajajulikana duniani. Mwaka 2014 alishika Oscar mkononi." Huyo ni Lupita Nyong'o, na kipindi ni Shuga, ambacho msimu wake wa kwanza ulipigwa picha Nairobi na kuonyeshwa mwaka 2009, kikizungumza na vijana juu ya mapenzi na virusi vya Ukimwi. Na kama unataka cha pwani: mhusika mkuu ni mpigapicha anayeitwa Cheche, mji ni Bagamoyo, na kwenye jina la kipindi mna chombo cha maji. Hicho ni Siri ya Mtungi cha mwaka 2012, kazi iliyoonyesha kwamba Kiswahili cha kawaida cha mtaani, kikiandikiwa hadithi nzuri na kupigwa picha kwa ustadi, kinatosha kubeba tamthilia nzito.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nilete mazungumzo haya. Kumbukumbu ya runinga ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Kitabu hukaa rafuni. Kipindi hupita hewani kikaenda. Hata nchi tajiri zimepoteza. BBC ya Uingereza ilifuta kanda nyingi za miaka ya sitini ili zitumike tena, na kati ya vilivyopotea vilikuwamo vipindi vingi vya Doctor Who. Watu walivitafuta kwa miongo kadhaa. Kisha mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu tisa za miaka ya 1967 na 1968 zilizokuwa zimepotea zimepatikana. Zimepatikana wapi? Jos, Nigeria, katika ghala la kituo cha televisheni, ambako Mwingereza Philip Morris alizikuta kwenye makopo ya filamu yaliyokaa na vumbi lake kwa miaka. Kumbukumbu ya Waingereza ilikuwa imetunzwa Afrika.

Nikiitafakari habari hiyo, najiuliza ni nani anayetunza ya kwetu. Waliovitafuta vile vipindi walijua wanatafuta nini. Walikuwa na orodha, walikuwa na majina ya waigizaji, walikuwa na watazamaji ambao kwa miaka arobaini waliulizana maswali: ni sehemu gani ambamo hivi vilitokea, ni nani aliyecheza fulani. Kumbukumbu ile ya mashabiki, iliyoendeshwa kwa maswali na majibu, ndiyo iliyofanya kanda zile ziwe na thamani zilipopatikana. Kanda isiyo na mtu anayeikumbuka ni plastiki tu.

Kwetu, michezo mingi ya kuigiza ya miaka ya themanini na tisini imebaki vichwani mwa watu. Watu wanamkumbuka mhusika, hawamjui mwigizaji. Wanamkumbuka mwigizaji, hawamjui aliyeandika. Na hawa wasanii wengi wao walifanya kazi kwa malipo madogo, wakajulikana barabarani kwa majina ya kuigiza, wakazeeka wakiitwa majina hayo. Tunapokutana nao tunawapungia mkono, tunawaomba waseme lile neno lao, tunacheka, tunaenda zetu. Mimi naona tuna deni. Namna rahisi kabisa ya kuanza kulilipa ni kuuliza maswali yanayotaja majina yao ya kweli.

Ndiyo maana nasisitiza vidokezo vya macho na vya sikio vitangulie, na cha karatasi kije mwishoni. Macho na sikio vinamwamsha mtazamaji. Akishaamka, yuko tayari kupokea jina. Ukianza na jina la Benson Wanjau, vijana hawatasikiliza. Ukianza na lafudhi iliyoazimwa, ukaingia kwenye kicheko, ukamaliza na jina la Benson Wanjau, watalishika, na pengine watamsimulia mwingine kesho.

Basi, msikilizaji, nikuachie kazi. Wiki hii, keti na mtu aliyekuzidi umri kwa miaka ishirini au zaidi. Mama yako, shangazi, jirani, mzee wa dukani. Mwulize ni kipindi gani cha runinga alichokuwa hakosi, au kama kwao hapakuwa na runinga, mchezo gani wa redio. Usimwulize mwaka. Mwulize alikuwa anaona nini, anasikia nini, walikuwa wanakaa wapi, nani alicheka zaidi. Katika majibu yake utapata vidokezo vitatu bila kutafuta. Kisha tafuta wewe cha nne na cha tano: jina la mwigizaji, jina la aliyetunga au kuongoza, mahali kilipopigwa picha. Hakikisha ni kweli. Viandike kwenye daftari, vyote vitano, kwa mpangilio kutoka kigumu hadi chepesi, na jibu chini yake. Halafu uwategee watoto nyumbani.

Wakikosa, usiwacheke. Wape kidokezo kinachofuata. Wakipata, wape hadithi yote: kwamba alikuwapo mtu, jina lake hili, aliyewafanya babu na bibi zao wasahau uchovu wa siku nzima. Familia kumi zikifanya hivyo tutakuwa na madaftari kumi ya historia ya sanaa yetu ambayo hayapo popote leo. Na siku ambayo mtu atafungua ghala fulani, Nairobi, Dar es Salaam, Unguja au Kampala, akakuta makopo yenye vumbi, atakuwapo wa kumwambia ni nani hao wanaoonekana kwenye picha. Nakutakia jioni njema, na majibu yenye alama tano.